Shajara ya albamu ya punk, Kigoma: nyimbo 12, wapiga dramu wawili

Shajara hii ni kwa bendi yoyote inayotaka kurekodi punk, muziki wa roki wa kasi na kelele, bila kulipia studio kwa saa. Bendi ni ya watu watatu: gitaa na sauti, besi, dramu. Kabla ya kuanza tulikuwa na kompyuta mpakato, kadi ya sauti ya nje yenye matundu manne ya maiki, maiki mbili za kawaida za jukwaani, gitaa, besi, seti ya dramu na amplifaya mbili: ya gitaa ya wati 15 na ya besi. Kilichonunuliwa au kulipiwa baada ya hapo kimeandikwa na bei yake pale kilipohitajika.

31 Mei 2025: chumba

Chumba kiko Mwanga, mita 4.2 kwa 3.4, dari mita 2.7, juu bati. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, imelipwa ya Juni hadi Septemba: 240,000. Tumengoja mvua ziishe kwa makusudi, kwa sababu mvua ya Kigoma ikianza kupiga bati hakuna maiki itakayosikia kitu kingine. Kiangazi nacho kina lake. Jua likishuka bati hupoa na kulia kwa mipasuko midogo, na maiki zilizo juu ya dramu huidaka yote. Ratiba ikawa saa tatu asubuhi hadi karibu na adhana ya adhuhuri kwa dramu, na baada ya isha kwa kazi nyingine. Msikiti uko jirani, na kurekodi juu ya adhana si adabu hata kama maiki zisingeidaka.

Tulianza na trei za mayai ukutani kwa kuwa tulipewa bure. Zimeng'olewa. Karatasi ile nyembamba inameza sauti kali za juu peke yake, kwa hiyo matasa (sahani za chuma za dramu) yakafifia huku muungurumo wa chini ukibaki vilevile, na chumba kikasikika kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu. Kilichofanya kazi ni unene. Magodoro manne ya mitumba (35,000 kila moja, jumla 140,000) yamesimamishwa kwenye pembe, yakiachwa sentimita 15 kutoka ukutani. Fremu za mbao zimefunikwa kwa magunia na kujazwa nguo chakavu za mitumba zilizoshindiliwa kidogo tu. Magunia na nguo 46,000. Mbao na misumari 38,000.

Pima chumba chako kabla hujalaumu besi. Kwa joto la hapa sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Gawa hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili: mita 4.2 zinatoa karibu 41 Hz (mitetemo kwa sekunde), ambayo ndiyo noti ya E ya chini kabisa ya gitaa la besi. Upande wa mita 3.4 unatoa karibu 51 Hz, jirani kabisa na muungurumo wa umeme wetu wa 50 Hz. Ndiyo maana waya wa E ulikuwa unatikisa dirisha wakati waya wa A uko kimya, na magodoro hayaondoi hilo. Suluhisho ni kurekodi besi kwa waya moja kwa moja, na kutofanya mikisi (kuchanganya na kusawazisha sauti) ndani ya chumba hiki.

14 Juni 2025: dramu, nyimbo saba

Maiki mbili za juu, zilizotumika, 260,000. Maiki za jukwaani zikaenda moja kwenye snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) na nyingine kwenye kiki (ngoma kubwa ya mguu). Maiki nne zinatosha punk, mradi zile mbili za juu zipimwe.

Kwenye nyimbo mbili za kwanza snea ilitoka nyembamba, kama haina tumbo. Sababu: maiki moja ya juu ilikuwa sentimita 100 kutoka katikati ya snea, nyingine 117. Tofauti ya sentimita 17 ni nusu ya wimbi la 1000 Hz. Maana yake sauti inafika maiki moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na sehemu hiyo ya snea inafutika ukiziunganisha. Funga kamba kwenye skrubu ya snea, ipime sentimita 100, uiguse kila maiki. Rudia kila mtu anapopita karibu ya stendi. Nyimbo hizo mbili zilirudiwa.

Muungurumo wa umeme ulipungua baada ya vyombo vyote kuchomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta kuachwa itumie betri yake. Chaja ndiyo iliyokuwa inaleta mlio wa juu. Kuna ushauri unaozunguka wa kukata pini ya ethi ili muungurumo uishe. Usikate. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki ya chuma.

Umeme ulipokatika tulikodi jenereta, na mafuta yake, 45,000. Haikufaa kurekodia. Kasi yake inapanda na kushuka kila mzigo unapobadilika, kwa hiyo muungurumo hautulii kwenye 50 Hz na hauwezi kuchujwa baadaye. Mikupuo yote ya siku hiyo, yaani kila mara tuliyopiga na kurekodi, imefutwa. Umeme ukikatika, fanya mazoezi.

Nyimbo zote saba zilirekodiwa bila kliki (mlio wa hedifoni unaohesabu kasi), gitaa na besi zikipigwa chumba kimoja na dramu. Zina moto. Tatizo lake linafuata.

28 Juni 2025: mpiga dramu anahama

Amepata kazi Tabora na anaondoka mwanzo wa Julai. Ameacha dramu zikiwa kwenye nyimbo saba kati ya 12, mashairi ya nyimbo mbili, na sauti za kuitikia ambazo hazijarekodiwa.

Mabadiliko ya namna hii yamo katika historia ya muziki huu tangu mwanzo. Mwaka 1978 Tommy Ramone aliacha kiti cha dramu cha Ramones, bendi ya punk ya Marekani, Marky Ramone akakaa, lakini Tommy akabaki kama prodyuza wa albamu iliyofuata. Utaratibu huo ndio tumeuchukua: anayeondoka anaendelea kusikiliza mikisi na kutoa maoni kwa simu.

Muda uliobaki haukutumika kukimbiza nyimbo tano zilizosalia. Mpiga dramu aliyechoka, mwenye haraka ya kufunga mizigo, hupiga dramu zitakazorudiwa. Badala yake tulirekodi pigo mojamoja. Kila kipande cha seti kilipigwa mapigo kumi, kuanzia la nguvu hadi la upole, na kila pigo liliachwa life lenyewe kabla ya lingine. Snea ilipigwa pia kwa ukingo na katikati pamoja. Kisha nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Maiki hazikusogezwa hata kidogo kutoka mahali zilipokuwa kwenye nyimbo saba. Kila kimo na umbali vilipimwa kwa futi na kuandikwa, miguu ya stendi ikachorewa chaki sakafuni na kupigiwa picha. Kazi hiyo inachukua chini ya saa moja, na ndiyo iliyookoa albamu hii. Bendi yenye dalili yoyote ya mtu kuondoka iifanye mapema.

Karatasi nayo ikaandikwa kabla hajapanda treni: nyimbo alizotunga ni zipi, sehemu yake katika kila moja ni asilimia ngapi, jina lake litaandikwaje, na malipo ya kupiga dramu ni kiasi gani (150,000, yamelipwa yote). Wote wamesaini, shahidi mmoja wa nje ya bendi, nakala nne. Haki ya mtunzi haiondoki kwa sababu mtu ameacha bendi. Wimbo ukisajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unasajiliwa na jina lake. Kuhusu jina kuna mfano mbaya unaojulikana: Terry Chimes alipiga dramu za albamu ya kwanza ya The Clash, bendi ya punk ya Uingereza, ya mwaka 1977, akawa ameshatoka, na jaladani akaandikwa "Tory Crimes". Huku kwetu jina kamili, tahajia aliyoandika mwenyewe.

12 Julai 2025: kuunganisha, na kwa nini kulishindikana

Mpango ulikuwa kuzihifadhi dramu za nyimbo zote saba na kurekebisha gitaa na besi juu yake. Kwenye nyimbo tatu haikuwezekana, na sababu ni mbili tofauti.

Ya kwanza ni kasi. Wimbo ulioanza na midundo 184 kwa dakika ulikuwa unamalizikia 197. Ukiusikiliza peke yake unapenda, kwa sababu bendi nzima inapanda pamoja. Ukitaka kukata kiitikio kizuri cha mwanzo ukibandike mwishoni, hakikai. Tulijaribu kunyoosha sauti kwa programu. Matasa yakaanza kutetemeka kama yako majini, maana hayo ndiyo yanayoonyesha unyooshaji kabla ya kitu kingine chochote.

Ya pili ni kuvuja. Amplifaya ya gitaa na ya besi zilikuwa chumba kimoja na dramu, na maiki za juu zilizidaka zote. Besi ilipokosewa na kupigwa upya, ile ya zamani iliendelea kusikika kwa mbali ndani ya matasa, noti mbili zikigombana. Hakuna kichujio kinachoitoa, kwa sababu imeshakuwa sehemu ya sauti ya dramu.

Kwa hiyo uamuzi: nyimbo nne ambazo hazina kosa linalohitaji kubadilishwa zinabaki kama zilivyo, ala zote tatu pamoja, bila kukatwa popote. Tatu zinarudiwa na mpiga dramu mpya, pamoja na zile tano. Hakuna wimbo utakaochanganya dramu za watu wawili. Tulijaribu hilo kwenye kiitikio kimoja na sikio lilikamata mara moja, si kwa sauti ya ngoma bali kwa mkono: wa kwanza huitangulia snea kidogo, wa pili huichelewesha kidogo.

Kuanzia hapa kila wimbo una kliki. Punk haihitaji kliki ili iwe punk, na nyimbo nne zilizobaki zinathibitisha. Lakini bendi ambayo haijui nani atakuwa kwenye kiti mwezi ujao inaihitaji ili sehemu ziweze kubadilishwa. Ili isiuue mwendo, kasi ya kliki haikuwekwa moja wimbo mzima: ubeti 186, kiitikio 190, mwisho 193. Gitaa la mwongozo na besi zinapita kwa waya hadi kwenye hedifoni, chumbani kunalia dramu peke yake.

2 Agosti 2025: mpiga dramu mpya

Anatoka kwaya ya kanisa. Kwaya nyingi za hapa hupiga kwa mfuatano uliopangwa tayari kwenye kinanda, kwa hiyo kliki haimsumbui hata kidogo. Miji hii ya ziwani imelelewa na muziki wa Kongo, na mkono wake ni wa sebene: hai-hati (matasa mawili ya kukanyagwa) nyepesi yenye mapigo mengi madogo, snea ya kingo, kiki laini. Ni ufundi mkubwa, lakini ukiuweka chini ya gitaa lenye kelele unazama.

Marekebisho yalikuwa ya mwili na ya chombo. Kiti kilipandishwa hadi paja likashuka kidogo kuelekea gotini. Kisigino kikainuliwa kwenye pedali, springi ikakazwa. Hai-hati ikafunguliwa nusu na kupigwa kwa shingo ya kijiti, mapigo mawili kwa kila mdundo na si manne. Kasi ilianzia 160 na kupandishwa kwa minne minne. Kila hatua haikuachwa mpaka dakika mbili mfululizo zipite bila bega kukakamaa. Kuanzia 184 bega ndilo linaloshindwa kwanza, kifundo cha mkono kinafuata. Ukilazimisha pale unapata mapigo yasiyo na nguvu kwa kasi sahihi, ambayo hayana faida.

Kiki bado ilikuwa haina ncha. Kipande cha kadi ya plastiki kilibandikwa kwa gundi ya karatasi pale kinyundo kinapogonga, na mto mmoja mdogo ukawekwa ndani ukigusa ngozi zote mbili. Mlio wa "tak" ukapatikana bila kuongeza chochote kwenye kompyuta. Sarafu hutoa mlio mkali zaidi lakini huchana ngozi.

Ngozi ya snea ilikuwa imekwisha. Mpya imetoka Dar es Salaam, 55,000 na usafiri 10,000. Hapa ndipo mapigo ya Juni yalipofanya kazi. Ngozi mpya ina mlio wa juu kuliko ya zamani, na nyimbo nne za kwanza zikawa zinasikika za albamu nyingine. Snea mpya ililegezwa taratibu, skrubu zinazotazamana kwa zamu, hadi noti yake ikalingana na ile iliyorekodiwa. Kisha kila pigo likaongezewa chini yake pigo la zamani kwa kiasi kidogo, kama theluthi ya sauti. Usizidishe, ikizidi nusu, mkono wa mpigaji mpya unapotea na snea zote zinakuwa pigo moja linalojirudia. Vijiti vilivyovunjika hadi leo vimegharimu 90,000 (jozi sita).

23 Agosti 2025: besi na magitaa

Besi ilikwenda haraka. Kitu kimoja tu: piga kwa kipiki (kipande kidogo cha plastiki), karibu na brichi pale nyuzi zinapofungwa, na besi ifuate kiki na si gitaa.

Gitaa lilichukua muda. Mtindo huu unataka mipigo ya kushuka tu. Kwa kasi ya 190 hiyo ni mipigo zaidi ya sita kwa sekunde, na nyuzi nyembamba za 9 (namba ya unene wa waya) zilikuwa zinapanda noti kila zinapogongwa kwa nguvu, kisha zinakatika. Tumehamia seti za 11, tano kwa 28,000, jumla 140,000. Tyuna kabla ya kila mkupuo, na tyuna ukiwa unaupiga waya kwa nguvu ileile utakayoitumia kwenye wimbo. Waya uliotyuniwa kwa kuguswa taratibu utakuwa juu ya noti ukianza kupiga.

Ili gitaa lisikike pana tulinakili mkupuo mmoja, tukauchelewesha milisekunde 12 na kuupeleka upande wa pili. Kwenye hedifoni ulipendeza. Kwenye simu, ambayo nyingi zinaunganisha pande mbili kuwa moja, gitaa likawa na mlio wa bomba, nusu yake imefutika. Ni lilelile la maiki za dramu: sauti moja iliyochelewa inajifuta yenyewe. Dawa ni kupiga mara mbili kweli, mkupuo mmoja kushoto na mwingine kulia. Tofauti ndogo za mkono ndizo zinazoleta upana. Na punguza mkwaruzo kwenye amplifaya, kiasi cha theluthi moja chini ya ule wa jukwaani, kwa kuwa magitaa mawili yakijumlishwa yanaongeza mkwaruzo yenyewe. Maiki sentimita 5 kutoka kwenye spika, ikitazama ukingo wa koni; katikati ni kali mno.

6 Septemba 2025: mashairi na sauti

Hili halina maelekezo ya kunakili kutoka kwa bendi za Uingereza au Marekani. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kila moja pigo. Kitenzi chetu kimoja kinajaza mstari. "Hatutawangojea" ni silabi saba. Kwa 190, silabi moja kwa kila nusu mdundo, neno hilo linakula zaidi ya sekunde nzima, na mkazo wake uko mahali pamoja tu. Ubeti wa kwanza wa wimbo wa bei ya dagaa ulikuwa na silabi 15 ndani ya nafasi 16. Hakuna pumzi, na baada ya mistari mitatu maneno yalikuwa uji. Ulipunguzwa hadi 11. "Hatungoji" inasema lilelile kwa silabi nne.

Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Weka hiyo juu ya snea, ya mwisho ianguke nusu mdundo baadaye. Ukiweka silabi ya mwisho juu ya snea, "soko" na "moto" vinasikika kama vinatamkwa na mgeni aliyeshuka juzi. Mistari mingi iliyokuwa haikai ilirekebishwa kwa kusogezwa nusu mdundo mbele tu, bila kubadilisha neno.

Usimalizie kiitikio na maneno kama "mtu" au "nchi": mkazo unaangukia m au n, na mdomo uliofungwa haupigi kelele. Vokali a na o hubeba kelele; i na u hubana koo. Viitikio vyote sasa vinaishia a au o.

Sauti za kuitikia alizokuwa azipige mpiga dramu wa kwanza zilirekodiwa na watu sita kwenye korido, maiki moja katikati, kila mtu hatua mbili kutoka kwayo, mikupuo mitatu huku wakibadilishana nafasi. Anayepiga kelele sana arudi nyuma. Usimwambie apunguze, atapoteza ukali. Sauti kuu: maiki sentimita 10, mbele yake soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya. Baada ya dakika 40 za kupayuka, simama hata kama mkupuo ulikuwa unakaribia kupatikana. Koo lililovimba halirudi kesho yake.

20 Septemba 2025: mikisi

Imefanywa kwa hedifoni nje ya chumba cha kurekodia, na kukaguliwa kwenye simu, kwenye sabufa ya nyumbani na kwenye spika ya bajaji. Sabufa za hapa huongeza sana eneo la 60 hadi 80 Hz. Kwenye mikisi ya kwanza kiki na besi viligeuka donge moja, na maneno hayakusikika. Besi imekatwa chini ya 40 Hz, magitaa chini ya 100 Hz, na magitaa yamepunguzwa kidogo karibu na 300 Hz ambapo yalikuwa yanafunika sauti. Uzito wa gitaa unaoukosa ukilisikiliza peke yake, besi inaujaza.

Wimbo mmoja umeondolewa. Ulikuwa na kasi, noti na muundo uleule wa wimbo mwingine, na ule mwingine ni bora. Zimebaki 11, dakika 24. Nyimbo nne za mpiga dramu wa kwanza hazikutawanywa. Zimewekwa pamoja mwanzoni, saba zinafuata. Zikichanganywa sikio linapima dramu badala ya kusikiliza wimbo.

Mpiga dramu wa kwanza alisikiliza Tabora na kurudisha jambo moja: kwenye wimbo wa tatu kiki imezidi. Ni kweli, imepunguzwa desibeli 2.

11 Oktoba 2025: masta

Masta, yaani usawazishaji wa mwisho wa albamu nzima, imefanywa na fundi wa nje, 40,000 kwa wimbo, 440,000. Zilitumwa faili za biti 24 bila kompresa (kibanio cha sauti) kwenye jumla, kilele kikiwa desibeli 6 chini ya sifuri. Toleo la kwanza lilirudi limesukumwa mno, snea imelala. Huduma kama Spotify hushusha sauti hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kwa hiyo kusukuma huko hakuongezi kitu msikilizaji anapofika, kunaondoa tu pigo. Toleo la pili liko -10, kilele -1, na snea imerudi.

LUKU ya miezi yote 60,000. Jumla ya gharama zote zilizoandikwa humu: shilingi 1,714,000.

Faili za kila ala ziko kwenye diski mbili, moja Mwanga na moja Tabora, pamoja na picha za alama za chaki na vipimo vya maiki. Kwa maduka yanayojaza nyimbo kwenye memori kadi imetengenezwa MP3 ya 320, kila faili ikiwa na jina la bendi na la wimbo ndani yake, kwa kuwa jalada halifiki huko. Kinachosubiri ni usajili wa nyimbo mbili zenye mtunzi aliyeondoka: fomu zimejazwa, zinangoja sahihi yake ya pili kutoka Tabora.